Choo cha Sumaia

Harufu ile ilimfika Chamima kila jua lilipoanza kupiga bati, na kwa muda alidhani ni panya aliyefia darini. Siku moja alipanda juu ya dawati, akachungulia kwenye kenchi, hakuona kitu ila utando wa buibui. Aliposhuka aliwakuta wanafunzi wake wanatazamana, wengine wameziba pua kwa kola za mashati. Mmoja wa nyuma akacheka kicheko cha kujificha. Ndipo alipoona jambo lililokuwa mbele ya macho yake tangu apewe darasa lile. Madawati ya nyuma yalikuwa yamebanana kama dagaa kwenye tenga, watoto wamekaa bega kwa bega hata hawawezi kuandika, ilhali mbele, upande wa dirisha, palikuwa na uwazi mpana, na katikati ya uwazi ule alikaa Sumaia peke yake kwenye kiti chake cha magurudumu.

Chamima alikuwa mgeni pale. Alizaliwa Mocímboa, akasomea ualimu Pemba, mji mkuu wa mkoa wao, na serikali ilimleta katika kijiji hiki cha kando ya barabara ya Olumbi baada ya watu kuanza kurudi, nyumba moja moja, kutoka walikokuwa wamekimbilia wakati wa vita. Shule ilikuwa imejengwa upya kwa fedha za mradi fulani. Kuta zilinukia rangi bado. Ukutani ofisini palibandikwa karatasi kubwa yenye picha ya mikono ya watoto imeshikana, chini yake maandishi ya Kireno yaliyosema kwamba hapa hakuna mtoto anayeachwa nyuma.

Sumaia alikuwa na miaka kumi na mmoja. Homa ya utotoni ilimlaza miguu, lakini mabega yake yalikuwa mapana kama ya mpiga makasia na ulimi wake ulikuwa na makali ya wembe. Chamima aliinama kutazama daftari lake. Harufu ikampanda moja kwa moja. Ilikuwa harufu ya mkojo uliolala, mkojo wa watu wengi, na kitu kingine kibaya zaidi, na ilitoka kwenye pindo la sketi ya yule mtoto, pale ambapo bluu yake ilikuwa imegeuka rangi isiyo na jina. Mtoto alikuwa akimtazama usoni, akingoja aone kama atasogea.

Kengele ya mapumziko ilipogongwa, Chamima aliwafuata kwa mbali. Zulfa, rafiki pekee wa Sumaia, alisukuma kile kiti mchangani huku anahema mpaka kwenye choo cha wasichana. Palikuwa na vipandio viwili na mlango mwembamba. Kiti hakikupita. Sumaia akashuka. Akavua ndara zake, akazivaa mikononi, akaanza kutambaa.

Chamima alifika mlangoni na kuona sakafu. Maji hayakuwa yamemwagwa mle kwa muda mrefu. Palikuwa na madimbwi ya manjano, palikuwa na vinyesi vya watoto walioshindwa kulenga tundu, vingine vikavu, vingine vya asubuhi ile, na pembezoni mwa ukuta funza weupe walikuwa wakitembea kwa utulivu kama wenye nyumba. Nzi walikuwa wengi hata ukuta ulionekana unapumua. Katikati ya hayo Sumaia alikuwa akijikokota, kichwa amekiinua juu kadiri shingo ilivyoweza, ndara zikitoa mlio wa kunata kila alipozinyanyua, na sketi nyuma yake inazoa kila kilichokuwa sakafuni.

Chamima alizunguka nyuma ya choo akatapika chai yake yote.

Alipoinua kichwa, Sumaia alikuwa ameshamaliza na amepandishwa kitini. "Professora," akasema, "unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu."

"Wengi huumwa wakija huku. Mimi nimezoea."

Hilo neno la kuzoea lilimkaa Chamima kooni kuliko matapishi. Akamgeukia Zulfa, akamwonyesha jengo dogo lililosimama mbali kidogo karibu na ofisi, limepakwa rangi ya samawati, lina mteremko wa saruji waliouita rampa, na mlangoni pamechorwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. "Na kile?"

"Kile ndicho choo cha Sumaia," Zulfa akajibu, "lakini anakitumia diretor. Ndimo inamolala pikipiki yake."

Chamima alikwenda. Mlango ulikuwa na kufuli. Alichungulia kwenye tundu la hewa, akaona vigae vyeupe, sinki la kukalia la kisasa, vyuma vya kushikilia ukutani, na katikati ya vyote pikipiki nyekundu imeegeshwa vizuri, kidumu cha petroli pembeni yake. Kweli, mlango ule mpana na rampa ile vilikuwa kama vimepimwa kwa ajili ya pikipiki.

Diretor Virgílio, mkuu wa shule, alikuwa mtu msafi. Shati lake halikuwa na kunyanzi, na kila aliposhikana mkono na mtu alitoa kitambaa chenye unyevu mfukoni akajipangusa vidole kimoja kimoja. Alimsikiliza Chamima kwa upole mpaka mwisho.

"Professora, wewe mgeni," akasema. "Ukiwafungulia hawa watoto choo kile, wiki moja hakitatamanika. Wewe mwenyewe umeona kile kingine. Wageni wa mradi wakija tutawaonyesha nini?"

"Tutawaonyesha mtoto anayekitumia."

"Wataonyeshwa. Siku hiyo atakitumia." Akatabasamu. "Halafu, mambo haya hatuyaamui mtu mmoja mmoja. Tulifundishwa semina nzima juu ya ushirikiano. Tuna kamati. Lilete kwenye kamati."

Kamati ilikutana siku mbili baadaye, ofisini, chini ya ile picha ya mikono. Walimu walikaa kuizunguka meza, katikati pamewekwa sahani ya biskuti na soda za mradi. Chamima alieleza alichokiona bila kupunguza kitu. Alitaja funza. Alitaja ndara mikononi. Aliona mwalimu mmoja anasita na biskuti yake nusu njia, kisha akaitia kinywani.

"Kwa kweli inasikitisha," akasema mmoja.

"Mama yake aje hapa kila mapumziko, amnyanyue," akasema mwingine. "Mzazi naye ana wajibu wake. Ndiyo ushirikiano huo."

Faizal, mwalimu wa darasa la sita, kijana mcheshi aliyependwa na watoto, akasema huku anafungua soda, "Mimi naona avae nepi. Mambo yamekwisha." Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka kazi ikiwa imekaribia kwisha. Mwingine akaongeza kwamba siku za joto kali mtoto anaweza kubaki nyumbani, kwa ajili ya wenzake, maana na wao wana haki ya kusoma bila kusumbuliwa na harufu.

"Na kufungua kile choo?" Chamima akauliza.

Kila mtu akaangalia sahani. Diretor alijipangusa vidole. Akasema kwamba mawazo yote yamepokelewa, kwamba suala la choo linahitaji utaratibu, na kwamba amefurahi jinsi walivyoshirikiana. Akapiga makofi mepesi, nao wakamfuata. Chamima alitazama midomo yao yenye chengachenga za biskuti, akahisi kichefuchefu kile kile cha nyuma ya choo kinampanda. Alitoka kabla hakijamshinda.

Jioni alikwenda nyumbani kwa Sumaia. Zainabo, mama yake, alikuwa akikaanga bajia mbele ya nyumba kwa ajili ya wapita njia, na kwenye kamba nyuma yake ilining'inia sketi moja ya bluu, inadondosha maji.

"Hodi, dada Zainabo."

"Karibu, professora. Kaa hapo kwenye kigoda, moshi usikuumize."

Chamima alikaa, akajaribu kutafuta mahali pa kuanzia. Zainabo hakumngoja. "Umekuja kuniambia mwanangu ananuka," akasema, macho yake kwenye mafuta. "Alikuja mwenzio muhula uliopita akaniambia hivyo hivyo. Nikamwonyesha hiyo sketi. Naifua kila siku ya shule, kwa sabuni na kwa ndimu. Nafua leo, kesho anarudi vile vile. Mikono yangu imechubuka."

"Sikuja kwa hilo. Nimekiona choo."

Zainabo aligeuza bajia taratibu. "Basi umeona. Unajua kwamba hanywi maji? Tangu alfajiri mpaka anarudi hapa, tone halipiti. Watu hufunga mwezi mmoja, mwanangu anafunga kila siku ya shule, na hiyo saumu yake sijui inaandikwa wapi. Mkojo wake ukitoka ni mwekundu kama chai. Siku akishindwa kujizuia ndiyo huenda kutambaa mle." Akaepua bajia zilizoiva. "Chuoni kwa maalimu amejitoa mwenyewe. Wenzake walimwambia yeye ni najisi, atawachafulia mkeka. Maalimu aliwachapa, lakini neno likishasemwa limesemwa. Mtoto aliyekuwa anakaribia kuhitimu juzuu, leo akisikia adhana anageukia ukutani."

Chamima aliitazama ile sketi kwenye kamba.

"Na wewe," Zainabo akamuuliza, "tangu ufike, pua yako ilikuwa wapi?"

"Nilidhani ni panya."

"Panya," Zainabo akarudia. Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Tulipokuwa tumekimbilia Quitunda, jirani mmoja alimtengenezea kiti cha mbao chenye tundu, akakiweka juu ya choo chake. Alitumia asubuhi moja kukipigilia misumari. Mwanangu alikuwa anajiendea mwenyewe, anajifungia, anarudi anaimba. Wala hatukuitana kamati."

Waliongea mpaka karai likapoa. Walipoachana walikuwa wamekubaliana jambo moja: siku wageni watakapokuja, Zainabo naye atakuwepo.

Wageni walikuja Alhamisi kwa magari meupe, wakasema mapema kwamba hawatakaa, maana barabara ya kurudi Palma haikuwa ya kuchelewa. Pikipiki ilikuwa imeondolewa asubuhi. Doa la oili lilifunikwa mkeka, na mle ndani palipuliziwa manukato mpaka mtu akipita nje anapiga chafya. Nyuma ya jengo, kwenye kivuli chake, paliandaliwa meza ya wageni yenye kitambaa. Sumaia alivishwa sare mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya siku hiyo, akapewa soda aishike kwa ajili ya picha. Aliishika. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali na hakuna aliyemkumbuka tena, aliinywa yote.

Mgeni mkubwa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye uso wa wema na viatu vya ngozi laini. Alipiga magoti mbele ya kiti cha Sumaia juu ya rampa, kijana wa kamera akasogea, na yule mama akauliza kwa Kireno. Diretor akatafsiri. "Mama anauliza, unakipenda choo chako?"

"Sijui," Sumaia akasema. "Leo ndiyo naona ndani yake. Humu hulala pikipiki."

Diretor akamgeukia mgeni na kusema kwa Kireno kwamba mtoto anafurahi sana, kwamba zamani alikuwa anabaki nyumbani na sasa anakuja shule kama wenzake.

Chamima alikuwa amesimama hatua chache tu. Aliyasikia maneno yote mawili, ya Kiswahili na ya Kireno, na aliona jinsi lile la pili lilivyotoka laini, limepigwa pasi kama lile shati. "Hakusema hivyo," akasema kwa Kireno, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Amesema hajawahi kuingia humu. Amesema humu hulala pikipiki ya diretor. Choo anachotumia ni kile pale, anatambaa kwa mikono juu ya mavi. Twendeni mkakione, si mbali."

Mgeni alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyekanyaga kitu na hataki kutazama chini. Alisema mambo kama haya ni muhimu sana kuyasikia na kwamba yataingia kwenye taarifa yao. Kisha akaitazama saa yake.

"Amesema nini?" Zainabo akauliza. Chamima alipomweleza, Zainabo aliinua ndoo ya maji aliyokuja nayo. "Mwambie asiondoke. Leo mwanangu atakitumia choo chake, wakiwepo. Nipisheni."

Akaingia. Hakuwa mama wa kumkalisha mtoto mahali pasipomwagwa maji kwanza. Akamwaga ndoo nzima. Sinki likabwabwaja, likanyamaza, na papo hapo upande wa nyuma, pale penye kivuli, watu wakaanza kuruka. Maji yalikuwa yanachomoza chini ya ukuta, yamechanganyika na vumbi la saruji na oili nyeusi, yanapita katikati ya miguu ya meza, yanalowesha viatu.

Abudo, mjomba wake Sumaia, ambaye kazi yake ni kuchimba visima, alichutama akafukua kidogo kwa mkono. Akainua kichwa. "Hapa hakuna shimo," akasema. "Bomba linaishia mchangani, urefu wa dhiraa moja. Hiki hakijawahi kuwa choo. Uzuri wa mkakasi huu, ndani kipande cha mti."

Basi wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Kireno juu ya Kireno. Diretor alisema ni kosa la mkandarasi. Mtu wa mradi alisema shimo lilipangwa kwa awamu ya pili. Mgeni mkubwa alisema awamu ya pili ni ya shule nyingine. Faizal alisimama kando na chupa yake ya soda, anaangalia chini. Katika kelele ile Sumaia alimwita mama yake mara moja, kwa sauti ndogo, na Zainabo aliyekuwa ndani hakusikia.

Chamima alisikia, lakini alichelewa. Mkojo ulikuwa umeshaanza kudondoka chini ya kiti. Ulishuka juu ya saruji ya rampa, mstari mwembamba wenye kung'aa, ukaelekea kwenye viatu vya ngozi laini, na yule mama mwenye uso wa wema akarudi nyuma haraka, ameinua mguu mmoja, mkono puani. Kijana wa kamera alikuwa bado anapiga. Sumaia alikuwa amefumba macho.

Chamima alifungua kapulana yake, kile kitenge cha kiunoni, akabaki na gauni, akamfunika mtoto kuanzia tumboni hadi miguuni. Kisha akasimama mbele ya kamera na kuiziba kwa kiganja.

"Weka chini hiyo."

Kijana akasema anafanya kazi yake tu.

"Weka chini, au nitaitumbukiza kule kwenye tundu alikotambaa huyu."

Akaiweka. Chamima alitazama vile viatu vinavyorudi nyuma, vitambaa puani, diretor aliyekuwa tayari anajipangusa vidole ingawa hakuna alichogusa. Alijua harufu ya mkojo wa mtoto, na pale ndiyo iliyokuwa kitu safi kuliko vyote. Kilichomchefua hakikuwa na harufu, kilikuwa na manukato. Magari yaliondoka dakika chache baadaye. Chakula kilibaki mezani na watu wa ofisi wakakila.

"Nipeleke nyumbani, mama," Sumaia alikuwa amesema, na hakusema neno jingine siku ile. Kesho yake hakuja shule.

Chamima hakurudi kwenye kamati. Ijumaa baada ya sala alikwenda na Zainabo nyumba kwa nyumba, wakizungumza na akina mama uani na wanaume barazani, na hawakuwa na maneno mengi. Walisema tu kilichotokea. Wengine walikwisha kuona kwa macho yao. Baadhi nao walikuwa na mtoto ndani, asiyeona au asiyesikia, ambaye hawakumpeleka shule kwa kuogopa mambo kama hayo. Mzee mmoja alisema kazi ya serikali ifanywe na serikali, akafunga mlango. Wengi hawakufunga.

Jumamosi asubuhi Abudo alifika shuleni na sururu, nyuma yake wanaume na majembe, wanawake na mabeseni. Mtu wa kwanza waliyemkuta pale alikuwa Faizal, ameshika jembe, amevaa fulana ya zamani.

"Professora Chamima," akaanza, "yale maneno yangu ya nepi, mimi nili—"

"Chimba," Chamima akamwambia.

Akachimba. Walichimba shimo la maana, wakalijenga kwa matofali yaliyobaki uani mwa shule, wakaliunganisha na lile bomba la uongo. Watoto wa darasa la tano walibeba mchanga kwa mabeseni mpaka adhuhuri. Akina mama walikiingilia kile choo cha zamani kwa majivu, sabuni na dawa, vitambaa vimefungwa puani, na kuna waliotoka nje kutapika wakarudi. Chamima alikuwa mmoja wao. Hakuona aibu safari hii. Lile kufuli la mlango wa samawati Abudo alilivunja kwa pigo moja la sururu, akalitupa shimoni.

Diretor alikuja saa sita juu ya pikipiki. Alisimama, akasema hii ni mali ya serikali, akauliza nani kaleta ruhusa. Hakuna aliyeacha kazi. Alitazama idadi ya watu, akatazama majembe, akashusha pumzi. Halafu Chamima alimwona anatoa simu, anarudi nyuma hatua chache ili wote waingie, na anapiga picha, uso wake umekunjuka taratibu kama mtu aliyeokota kitu.

Chamima mwenyewe ndiye aliyekwenda kumchukua Sumaia. Mtoto alikubali kuja kutazama tu. Aliingia kwa kiti chake mpaka ndani, akaurudisha mlango, na walisikia maji yakimwagwa. Alikaa mle muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyegonga mlango.

Jumatatu Chamima alilikalisha darasa lake kwa duara. Aliwaambia kwamba wamefanya mengi juu ya Sumaia na hakuna aliyewahi kumuuliza Sumaia. Watoto wakamgeukia. Alisema anataka dawati lake liwe katikati, si dirishani kama mkimbizi. Akasema anataka komeo la choo kwa ndani, la chini, anakofikia. "Na anayetaka kunisukuma aniulize kwanza," akamalizia. "Mimi si toroli."

Mtoto mmoja aliuliza kama kweli Sumaia ni najisi. Sumaia akamjibu kwamba najisi ni kitu kinachooshwa kwa maji, na kama maji yapo na mtu hajaoga, basi huyo ndiye aulizwe. Wakapanga wao wenyewe nani atajaza pipa la maji na nani atapiga brashi siku gani, vyoo vyote viwili, cha zamani na cha samawati, wavulana na wasichana pamoja. Wiki ile Chamima alimwona Sumaia amekamata kopo kwenye mapumziko, anakunywa maji kichwa nyuma, maji mengine yanamtiririka kidevuni, na hakuacha mpaka kopo likaisha. Shuleni alianza kuja hata mtoto wa moja ya nyumba zile, asiyeona, ameshikwa mkono na bibi yake.

Haikuwa imepita miezi mingi, diretor Virgílio alihamishwa. Alipandishwa. Ile picha ya Jumamosi ilikuwa imefika mbali, na siku moja ilimrudia Chamima kwenye simu, imetumwa na mwenzake wa Pemba aliyempa hongera. Watu walikuwa wameinama, jasho limewalowesha migongo, Zainabo amebeba beseni, na chini pameandikwa juu ya ushirikiano wa shule na jamii chini ya uongozi wa mtu ambaye hakushika jembe. Chamima aliisoma mara mbili. Mate yakamjaa mdomoni, mazito, ya chumvi, akatoka nje akayatema mchangani. Aliifuta ile picha. Kesho yake akatumiwa nyingine ile ile na mtu mwingine.

Sumaia hakuambiwa habari hiyo, na hata angeambiwa, alikuwa na kesi yake nyingine. Alikuwa amedai aingizwe kwenye zamu ya usafi. Wenzake walisema haiwezekani, yeye ana udhuru. Akawauliza mikono yake ina udhuru gani, na wakamwandika. Siku ya zamu yake Chamima alisikia maneno makali yanatoka chooni, akaenda kuangalia. Sumaia alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya sakafu iliyolowa, brashi mkononi, uso umekunjamana kwa kinyaa, anamgombeza Zulfa aliyesimama mlangoni.

"Nani amepita hapa asimwage maji? Tazama. Tazama hiki kitu. Nyie watu mna miguu miwili halafu ni wachafu namna hii."

"Si mimi," Zulfa akasema.

"Si wewe, ni jini? Leta ndoo. Na umwite aliyepita kabla yako, aje akisugue mwenyewe, mimi sisugui cha mtu."

Zulfa akaenda kumtafuta.